Mvua, Bwawa na Umeme: Hesabu Inayovihusu Vyama vya Ushirika

(Mazungumzo kwa wajumbe wa kamati, makatibu na mameneja wa vyama wanachama)



Umeme unapokatika kiwandani, wa kwanza kulaumiwa ni fundi. Wa pili ni Shirika la Umeme. Na iwapo redio imekwisha kutangaza kwamba kina cha mabwawa kimeshuka, wa tatu ni mkulima wa umwagiliaji aliye juu ya mto. Lawama hizo hutolewa upesi, na ni mara chache hutanguliwa na hesabu. Nia ya mazungumzo haya ni kuiweka hesabu hiyo mezani, kwa sababu vyama vya ushirika vimo pande zote mbili za jambo lenyewe. Chama cha wakulima wa mpunga huyachepusha maji kabla hayajafika bwawani. Chama cha pamba, cha kahawa au cha maziwa hungojea umeme unaotoka bwawani. Wote ni wanaushirika, na mgawo wa umeme unapoingia, mmoja huambiwa kwamba amemnyima mwenzake.

Uniti moja ni mapipa mangapi?

Mitambo ya kufua umeme wa maji hutumia uzito wa maji yanayoanguka. Mambo mawili ndiyo yenye kupimwa: wingi wa maji, na kimo yanachoangukia. Tani moja ya maji, yaani mita moja ya ujazo, ikianguka kimo cha mita 100 na mashine zikiwa nzima, hutoa takriban robo ya uniti ya umeme. Basi uniti moja huhitaji tani 4, ambazo ni mapipa 20 ya lita 200. Mashine ya kukoboa mpunga yenye nguvu ya kilowati 15 ikifanya kazi ya kutwa kwa saa 8 hutumia uniti 120. Kwa kimo hicho, nyuma ya kazi hiyo ya kutwa yamepita mapipa 2,400 ya maji. Maji hayo yaliletwa na mvua, pengine ya miezi kumi iliyopita, tena katika mkoa ambao mwenye mashine hajapata kuutembelea.

Mfano ulio wazi kuliko yote katika Tanzania ni Mto Ruaha Mkuu. Maji yake hushuka kutoka milima ya Nyanda za Juu Kusini, yakaingia bonde la Usangu lenye majaruba ya mpunga na malisho ya ng'ombe, yakapita katika kinamasi cha Ihefu, kisha yakakatiza Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Baada ya kupokea maji ya Ruaha Mdogo na ya Mto Kisigo, huingia katika bwawa la Mtera, mpakani mwa mikoa ya Iringa na Dodoma. Bwawa hilo lilikamilika mwaka 1980, na mitambo yake yenyewe, yenye uwezo wa megawati 80, ilianza kazi mwaka 1988. Maji yakitoka Mtera huteremka hadi Kidatu, penye mitambo ya megawati 204. Mwisho wake huingia Mto Rufiji, ambako bwawa la Julius Nyerere lilianza kutoa umeme mwaka 2024, na mashine zake zote 9, zenye jumla ya megawati 2,115, zikakamilika mwaka 2025.

Kwa hiyo tone moja la mvua iliyonyesha milimani huweza kufanya kazi mara tatu kabla ya kufika baharini. Hiyo ni neema kubwa. Lakini yafaa ieleweke pia kwamba tone lisiponyesha, hukosekana mara tatu.

Bwawa ni mfuko wa akiba

Kila mjumbe wa kamati anaujua mfuko wa akiba wa chama. Mwaka wa mavuno mema ziada haigawanywi yote. Sehemu huwekwa, ili mwaka mbaya usikikute chama mikono mitupu. Bwawa la Mtera lilijengwa kwa fikra iyo hiyo. Bwawa la Kidatu ni dogo. Haliwezi kutunza maji ya msimu mzima. Mtera ndilo ghala lake. Huyapokea mafuriko ya masika na kuyatoa kidogo kidogo wakati wa kiangazi.

Akiba hiyo ina mipaka yake. Mtera ikijaa, uso wa maji huwa mita 698.5 kutoka usawa wa bahari. Ukishuka hadi mita 690, mitambo yafaa isimamishwe. Tofauti ni mita 8 na nusu tu, na humo ndimo ilimo akiba yote inayotumika. Tena bwawa lenyewe ni pana na lina kina kifupi, katika nchi kavu yenye jua kali na upepo. Likijaa, hutanda juu ya kilomita za mraba zipatazo 600. Kila mita moja ya maji inayotoweka kwa mvuke juu ya eneo kama hilo ni mita za ujazo milioni 600, zisizofua umeme wala kumwagilia shamba. Jua ni mwanachama asiyelipa kiingilio, lakini hachelewi kamwe kuchukua gawio lake. Na kwa kuwa joto la dunia linazidi kupanda, gawio hilo nalo linaelekea kukua.

Ipo mitambo isiyokuwa na akiba kubwa ya namna hiyo. Kihansi, yenye uwezo wa megawati 180, ina maporomoko marefu yanayozidi mita 800, hivyo kila pipa la maji hutoa umeme mwingi. Lakini bwawa lake ni dogo, na mitambo hutegemea maji yanayoletwa na mto siku kwa siku. Ni kama chama kinacholipa mishahara kwa mauzo ya siku hiyo hiyo. Mwezi wa Novemba 2022, mto ulipopungua kwa ukame, Kihansi ilitoa megawati 17 tu.

Mvua haifuati kalenda

Bonde la Ruaha Mkuu lina msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Bonde la Pangani, lenye bwawa la Nyumba ya Mungu na mitambo ya Hale na Pangani, lina misimu miwili, vuli na masika. Hali ya bahari zilizo mbali huigusa misimu hiyo. Maji ya Bahari ya Pasifiki yakipata joto kupita kawaida, hali inayoitwa El Nino, au upande wa magharibi wa Bahari ya Hindi ukipata joto kuliko wa mashariki, mvua za vuli za Afrika Mashariki aghalabu huzidi. Hali ikigeuka, mvua aghalabu hupungua. Mwaka wa 1997 ulileta mgawo wa umeme kwa sababu ya ukame. Mwisho wa mwaka huo huo zikaja mvua za El Nino zilizobomoa barabara na reli. Watu wa miaka hiyo waliona kiu na mafuriko ndani ya miezi 12.

Wanachama wengi hudhani kwamba mvua ikipungua kwa robo, mto nao utapungua kwa robo. Sivyo. Ardhi kavu hunywa kwanza, mimea hunywa ya pili, jua huchukua lake, na mto hupewa kinachobaki. Ni sawa na hesabu ya mapato na matumizi: gharama za lazima hazipungui kwa sababu mapato yamepungua, hivyo kinachoumia zaidi ni ziada. Mto ndiyo ziada ya mvua. Ndiyo sababu upungufu mdogo angani huonekana mkubwa bwawani.

Tena wakati nao una uzito kama wingi. Mvua ikichelewa kwa mwezi mmoja na nusu, mabwawa hulazimika kutoa maji bila kupokea, hata kama mwisho wa msimu jumla ya mvua itakuwa ya kawaida. Maji huwa machache kabisa mwezi wa Oktoba, Novemba na mwanzoni mwa Desemba. Na hapo hapo ndipo ushirika unapouhitaji umeme. Vinu vya kuchambulia pamba huwa bado havijamaliza kazi ya msimu, kahawa ya Kaskazini huwa ingali ikivunwa na kumenywa, na joto la kabla ya mvua huyatia maziwa hatarini. Miezi ya kazi nyingi ya vyama ndiyo miezi ya njaa ya mabwawa.

Daftari la miaka

Tanzania imepata mgawo wa umeme uliotokana na upungufu wa maji mwaka 1992, 1994, 1997, 2006, 2011 na 2022. Mwezi wa Oktoba 2015, mitambo ya maji yenye uwezo wa jumla ya megawati 561 ilikuwa ikitoa megawati 105 hivi, na ikabidi izimwe. Kweli, si kila giza linaletwa na ukame: mashine huharibika, laini huchakaa, na mahitaji hukua upesi kuliko mitambo. Lakini mfululizo huo unaonyesha kwamba mwaka mbaya si ajali. Ni mgeni anayerudi, ingawa hatoi taarifa ya siku atakayofika.

Nchi imejifunza jambo katika miaka hiyo. Umeme wa gesi ya Songo Songo ulianza kutumika Dar es Salaam mwaka 2004, na bomba la kutoka Mtwara likakamilika mwaka 2015. Gesi haitegemei mvua. Bwawa la Julius Nyerere nalo lina akiba kubwa kuliko mabwawa yote yaliyotangulia, na sehemu kubwa ya maji yake hutoka Mto Kilombero, ambao una mvua nyingi kuliko Ruaha. Hata hivyo Kidatu, Mtera, Kihansi na Julius Nyerere yote yamo katika bonde moja la Rufiji. Mwenye kuweka mayai yote katika kapu moja kubwa na imara bado anabeba kapu moja.

Ni nani aliyeunywa umeme?

Jambo hili limewaumiza watu. Mwaka 1993 Ruaha Mkuu ulikauka kiangazi ndani ya Hifadhi kwa mara ya kwanza kujulikana, na baadaye ukawa ukikauka mwaka hata mwaka. Taa zilipozimika mijini, vidole vilielekezwa Usangu. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji wengi pamoja na ng'ombe wao waliondolewa katika eneo hilo, na mwaka 2008 sehemu kubwa ya Usangu ikaunganishwa na Hifadhi ya Ruaha. Wakulima wa mpunga nao wameambiwa mara nyingi kwamba majaruba yao yanaleta giza.

Hesabu inasemaje? Inatoa majibu mawili, na yote mawili ni ya kweli.

La kwanza ni kwamba watumiaji wa juu wanaudhuru mto wakati wa kiangazi. Mabanio mengi huachwa wazi baada ya mavuno. Maji huendelea kupita katika mifereji na kupotelea katika mashamba yasiyo na zao. Kiasi hicho huonekana kidogo, lakini wakati wa kiangazi mto wenyewe huwa mdogo. Wanaoumia kwanza ni vijiji vya chini, Ihefu, viboko na samaki.

La pili ni kwamba Mtera haijazwi na maji ya kiangazi. Hujazwa na mafuriko ya msimu wa mvua, wakati ambapo maji yanayoingia majarubani ni sehemu ndogo ya yote yapitayo. Baadhi ya watafiti walioyapitia maandishi ya bwawa walionelea kwamba katika upungufu wa mwanzo wa miaka ya 1990, namna maji yalivyofunguliwa Mtera nayo ilichangia, wala haikuwa ukame na wakulima peke yao. Kwa lugha ya ukaguzi, stoo ilipohesabiwa, bidhaa hazikulingana na daftari, na upungufu haukuwa wa mtu mmoja.

Basi mkulima wa juu asiseme hana deni, na mwenye kiwanda wa chini asiseme amelipata jina la mdaiwa. Kila mmoja alete daftari lake. Lakini ni vyama vingapi vya umwagiliaji vyenye daftari la maji? Chama huandika kila gunia la mbolea na kila debe la mafuta, lakini maji, ambayo ndiyo pembejeo ya kwanza, hupita banioni bila stakabadhi. Siku ya lawama chama cha namna hiyo hakina cha kujitetea, hata kama hakina kosa.

Mvua ikizidi

Mvua nyingi nayo ina gharama zake. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yalifunika mashamba na nyumba za watu wengi wilayani Rufiji, mwaka ule ule ambao bwawa jipya lilianza kufua umeme. Mvua kubwa ikianguka juu ya ardhi iliyokwishavuliwa miti, huteremka na udongo, na udongo huo hutua bwawani. Maji yatatoka, udongo hautoki. Nafasi iliyochukuliwa na tope ni akiba iliyopotea kwa miaka yote ijayo. Mtu anayelima ukingoni mwa kijito cha mlimani huenda hajapata kuliona bwawa, naye analijaza.

Hasara ndani ya vitabu vya chama

Chukua mfano wa chama cha maziwa. Jioni wanachama wamekwisha kuleta maziwa, yamepimwa, na kila mmoja ameandikiwa kiasi alicholeta. Usiku umeme unakatika. Hakuna jenereta, au ipo bila mafuta. Asubuhi gari la mnunuzi linayakataa maziwa. Maziwa yamemwagwa, lakini deni la chama kwa wanachama halikumwagwa. Mfano wa pili ni chama kilichonunua pamba kwa mkopo wa benki. Pamba imelala kwa sababu kinu kinafanya kazi nusu ya siku. Pamba inangoja, riba haingoji.

Hasara za namna hiyo mara nyingi huandikwa kuwa "matumizi mengineyo". Mkutano mkuu huzipitisha bila kuzijua, na mwaka unaofuata hurudi zilivyo. Hasara isiyopewa jina lake haipati dawa.

Yafaayo kufanywa na vyama

(a) Kila chama cha umwagiliaji kihakikishe kwamba kina kibali halali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde, kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009, na kwamba kimo katika jumuiya ya watumia maji ya mto wake. Mwakilishi wa chama ahudhurie vikao, na kwa zamu za kiangazi asiwe mtu wa kutumwa na salamu tu.

(b) Kiwekwe kipimo banioni, hata kama ni ubao ulioandikwa sentimita, na mtu mmoja aandike kina cha maji kila asubuhi. Baada ya mavuno banio lifungwe, na tarehe ya kufungwa iandikwe.

(c) Kipima mvua kiwepo katika ofisi ya chama, kisomwe kila siku saa 3 asubuhi. Baada ya miaka mitano chama kitakuwa na elimu ya mahali pake ambayo haipatikani dukani.

(d) Utabiri wa msimu unaotolewa na Mamlaka ya Hali ya Hewa usomwe katika kikao cha kamati kabla ya makisio kupitishwa. Ukionyesha upungufu, vyama vyenye viwanda vianze kazi mapema, vitengeneze mashine kabla ya Oktoba, na vikubaliane na Shirika la Umeme juu ya saa za kazi. Utabiri si ahadi. Lakini dalili ya mvua ni mawingu, na mwenye busara hatandiki kahawa yake juani akisha kuyaona.

(e) Katika hesabu za chama pawe na fungu la hasara na gharama za kukosa umeme, lenye jina lake. Na katika mwaka mwema fungu dogo liwekwe kwa ajili ya jenereta, mafuta au umeme wa jua, kwa kadiri ya uwezo wa chama.

(f) Mita 60 za kingo za mito, ambazo sheria inazilinda, ziachiwe miti na majani. Vyama vya milimani ndivyo walinzi wa kwanza wa mabwawa yaliyo mbali.

Hatimaye, ndugu wajumbe, mvua haipigiwi kura katika mkutano mkuu. Itakuja au itachelewa kwa desturi yake. Kinachoweza kuamuliwa na binadamu ni namna ya kuhesabu kilichokuja, namna ya kukigawa kwa haki, na kiasi cha kuweka. Ushirika ulianzishwa kwa kazi hiyo hiyo: wadogo wengi kuweka mizani moja iliyo ya kweli, ili asipunjwe mtu. Mizani hiyo imekwisha kuwekwa penye pamba, kahawa na maziwa. Ni wakati iwekwe penye maji, nayo iwekwe mwaka ambao mto umejaa, kwa kuwa mto ukikauka wenye kiu hawasikilizani.